Alama, Shahidi na Rejista: Historia ya Kumtambua Mnyama Aliyepotea Katika Bonde la Tana

Mto Tana, ambao ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huteremka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare kwa takriban kilomita 1,000 hadi kuingia katika Bahari Hindi karibu na Kipini, na katika sehemu yake ya mwisho, kuanzia Garsen kuelekea baharini, hutanda na kufanya delta yenye mabwawa, nyika za majani, misitu ya kandokando ya mto na mashamba ya mpunga. Delta hiyo, ambayo mwaka 2012 iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, ikiwa na eneo la hekta 163,600, ni makazi ya Wapokomo, ambao kwa karne nyingi wamelima kingo za mto na kuvua samaki, na ya Waorma, Wawardei na jamii nyingine ambao uchumi wao umesimama juu ya ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Katika mazingira ya namna hiyo, ambamo mafuriko, ukame, vita na biashara huwatawanya wanyama mbali na wenyewe, suala la kumtambua mnyama aliyepotea na kumrudisha kwa mwenyewe limekuwa sehemu ya sheria, ya dini na ya siasa za mahali hapo muda mrefu kabla ya kuja kwa chipu ya kielektroniki, yaani kile kifaa kidogo chenye namba ambacho leo hupandikizwa chini ya ngozi ya paka au mbwa ili ajulikane popote atakapookotwa. Historia hiyo yaonyesha kwamba alama peke yake haijapata kumrudisha mnyama yeyote: aliyerudi alirudi kwa sababu palikuwa na alama, palikuwa na mtu aliyejua kuisoma, na palikuwa na kumbukumbu, ya kichwani au ya maandishi, iliyoifungamanisha alama hiyo na mwenyewe.

Malka, mafuriko na kuchanganyika kwa makundi

Sababu ya kwanza ya wanyama kupotea katika bonde la Tana ni maumbile ya nchi yenyewe. Wakati wa kiangazi, maji ya mabwawa ya nyikani yanapokauka, makundi ya ng'ombe kutoka bara, mengine yakitoka Garissa na hata mbali zaidi, huelekea mtoni na kwenye majani mabichi ya delta, na huyafikia maji kwa njia zinazoitwa malka, ambazo ni vichochoro vilivyoachwa wazi kati ya mashamba ili mifugo iteremke kunywa. Malka moja huweza kupokea makundi ya wafugaji wengi kwa siku moja, na ndama, mbuzi au ng'ombe mzima huweza kufuata kundi lisilo lake na kugunduliwa baada ya siku kadhaa, tena akiwa mbali. Mvua za masika na za vuli zinapofuata, mto hufurika na kuyarudisha makundi hayo nyikani, na mafuriko makubwa, kama yale ya El Niño ya 1997 hadi 1998 ambayo pia yaliharibu mradi wa umwagiliaji wa mpunga wa mamlaka ya TARDA katika delta, huwatenga watu na wanyama wao kwa ghafla, kiasi kwamba kurudi kwa maji katika mkondo wake hufuatwa na msimu mzima wa kutafutana.

Njia ya kwanza ya utambuzi ilikuwa kumbukumbu ya mfugaji. Mchungaji aliyelelewa zizini aliwajua ng'ombe wake kwa rangi, kwa mabaka, kwa umbo la pembe na kwa ukoo wa mama zao, na maelezo hayo ndiyo aliyoyatoa alipokuwa akiulizia katika kambi za wengine. Hata hivyo kumbukumbu ilikuwa na upungufu wake, kwa kuwa ng'ombe wawili wa rangi moja huweza kudaiwa na watu wawili kwa nia njema, na kwa sababu hiyo wafugaji wa Afrika Mashariki, wakiwemo Waorma na majirani wao Wasomali, waliongeza alama za mwilini za aina mbili: kukata masikio kwa mtindo maalumu, na kupiga chapa ya moto, yaani kuunguza ngozi kwa chuma kilichopashwa moto ili libaki kovu lenye umbo linalojulikana. Mbuzi na kondoo, ambao manyoya yao huficha kovu, walifaa zaidi kukatwa masikio, ilhali ng'ombe na ngamia walipigwa chapa pajani, begani au shingoni.

Alama hizo mara nyingi zilikuwa za ukoo kuliko za mtu mmoja, na jambo hilo lilikuwa na faida yake. Aliyemkuta mnyama mgeni katika kundi lake hakulazimika kumjua mwenyewe. Ilimtosha kuijua alama ya ukoo, akapeleka habari kwa wazee wa ukoo huo, nao wakamalizia kazi ya kumtafuta mwenye mali. Wazee kwa hiyo walikuwa ndio rejista, maana walihifadhi vichwani mwao orodha ya alama, ya koo na ya makubaliano yaliyopita. Hadi leo mabaraza ya jadi, Gasa kwa upande wa Wapokomo na Matadeda kwa upande wa Waorma, huitwa kusuluhisha mashauri ya mifugo iliyoingia mashambani au iliyochukuliwa, na katika mashauri hayo swali la kwanza huwa ni mnyama yule ni wa nani na ni nani awezaye kuthibitisha hilo.

Fikihi ya mnyama aliyepotea

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Waorma wengi waliingia katika Uislamu, dini ambayo tayari ilikuwa na mizizi mirefu katika miji ya pwani na miongoni mwa Wasomali, na pamoja nayo ilikuja fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ambayo ina mlango mzima juu ya luqata, maana yake mali iliyookotwa. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim yaeleza kwamba Mtume Muhammad alipoulizwa juu ya ngamia aliyepotea alikataza asichukuliwe, kwa kuwa ngamia huweza kwenda mwenyewe kwenye maji na malisho hadi mwenye mali amkute, ilhali kondoo aliruhusu achukuliwe, kwa hoja kwamba asipochukuliwa na binadamu ataliwa na mbwa mwitu. Aliyeokota mali alitakiwa azitambue sifa zake na kuitangaza kwa mwaka mmoja kabla ya kuitumia, na hata baada ya hapo mwenyewe akitokea hupewa haki yake.

Fikihi hiyo ilizungumza pia juu ya chapa yenyewe. Imepokewa kwamba Mtume aliwapiga chapa kwa mkono wake ngamia waliotolewa zaka ili watofautishwe na ngamia wa watu binafsi, na imepokewa vilevile kwamba alikemea vikali kumpiga mnyama chapa usoni. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, walitoa humo kanuni mbili, nazo ni kwamba kumtia mnyama alama ni jambo jema pale ambapo pana haja ya utambuzi, na kwamba alama isitiwe usoni wala isimuumize mnyama kupita haja hiyo. Kanuni hizo zilijibu mapema swali ambalo leo huulizwa kuhusu chipu, yaani kama ni halali kumchoma mnyama kwa ajili ya manufaa ya mwenye mali na ya mnyama mwenyewe.

Vita, sotoka na sheria ya mkoloni

Utaratibu wa alama na wazee ulitikiswa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Waorma, ambao wakati huo wageni waliwaita Wagalla, jina ambalo wao wenyewe hawalipendi, walishambuliwa na jirani zao kutoka pande kadhaa, na makundi makubwa ya ng'ombe yakabadilisha mikono kwa nguvu. Mashambulizi hayo yalifika hata Golbanti, si mbali na Garsen, ambako Wamethodisti walianzisha kituo cha misheni mwaka 1885, na mwaka uliofuata mmisionari John Houghton na mkewe waliuawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Kisha, karibu na mwaka 1890, ikaingia Afrika Mashariki sotoka, ugonjwa wa virusi ulioua sehemu kubwa sana ya ng'ombe wa eneo zima. Mnyama anapochukuliwa vitani, chapa ya ukoo hubaki mwilini mwake, lakini kinga yake hutoweka, kwa kuwa aliye na mnyama hana tena haja wala hofu ya kuwaendea wazee wa ukoo ule.

Utawala wa Kiingereza ulipoimarika uliweka mpaka wake mwenyewe juu ya matokeo ya vita hivyo, ambapo mwaka 1919 Wasomali na Waorma walitenganishwa kwa mstari, Wasomali wakitakiwa kubaki mashariki ya Mto Tana. Pamoja na mpaka zilikuja sheria. Sheria ya wizi wa mifugo na mazao ya 1913 iliruhusu mwizi atozwe faini ya mara 10 ya thamani ya mnyama, na sheria ya aina hiyo, ambayo sasa ni Sura ya 355 ya Sheria za Kenya, bado humtaka mtu aliyekutwa na mnyama anayeshukiwa kuwa wa wizi aeleze namna alivyompata. Sambamba nayo ilitungwa sheria ya kupiga mifugo chapa, ambayo leo ni Sura ya 357, inayomweka msajili wa chapa na kumpa mwenye mifugo haki ya kusajili alama ambayo mtu mwingine hawezi kuitumia.

Sheria ya chapa ilihamisha rejista kutoka vichwani mwa wazee na kuiweka katika daftari la serikali. Kwa walowezi wa nyanda za juu, waliokuwa na mashamba yenye mipaka na ofisi zilizo karibu, uhamisho huo ulikuwa wa manufaa. Kwa mfugaji wa Tana, ambaye ng'ombe wake walitembea majuma kadhaa kati ya nyika na mto, daftari lililokuwa mbali halikuweza kushindana na mzee aliyekaa malkani. Matokeo yake yalikuwa mifumo miwili iliyokwenda sambamba bila kukutana: alama za koo, ambazo zilisomwa na wenyeji lakini hazikuwa na nguvu kamili mahakamani, na chapa zilizosajiliwa, ambazo zilikuwa na nguvu mahakamani lakini hazikusomeka malkani. Pengo hilo lilionekana wazi nyakati za machafuko, kuanzia vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 mpaka mapigano ya delta ya 2012, ambapo tuhuma za wizi wa ng'ombe na za mifugo kula mazao zilichangia kuwasha moto uliosababisha vifo vya watu wengi katika vijiji kama Riketa na Kilelengwani.

Paka nje ya rejista

Katika historia yote hiyo paka hakutiwa alama wala hakuandikwa popote, na sababu zake ni za kiuchumi kuliko za dharau. Paka wa nyumbani aliishi katika miji ya pwani pamoja na panya weusi, wale panya wa majumbani walioenea kwa biashara ya majahazi ya Bahari Hindi, na katika delta ya Tana, ambako Wapokomo walihifadhi mpunga na mahindi ghalani, alikuwa mlinzi wa chakula kama alivyokuwa Lamu na Pate. Dini nayo ilimpa heshima ambayo mbwa hakuipata, kwa kuwa hadithi zamhesabu paka kuwa si najisi, na nyingine, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, yataja adhabu ya mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa kwa njaa. Lakini paka hakulipiwa mahari, hakutolewa zaka wala hakuuzwa mnadani, na kwa hiyo hapakuwa na kesi iliyohitaji ushahidi wa umiliki wake. Kijijini alitambuliwa na majirani, na akipotea alihesabiwa kuwa amefuata wenzake au amegeuka paka shume, yaani dume kubwa linaloranda ovyo bila mwenyewe.

Utaratibu huo wa kujuana ulitosha maadamu kijiji kilibaki kijiji. Kukua kwa Garsen, mji ulio kwenye njia kuu kati ya Malindi, Garissa na Lamu, kumeleta wafanyakazi wa serikali, wafanyabiashara na familia zilizohama kutoka pengine, na mafuriko ya mara kwa mara yamewalazimisha watu kuhamia kambi za muda, ambako jirani wa leo si yule wa jana. Paka au mbwa anayepotea katika hali hiyo hukutana na watu wasiomjua, na macho yao hayawezi kumtenganisha na wale wanaozurura. Jambo hilo lina uzito wa kiafya pia, kwa sababu kichaa cha mbwa, ugonjwa unaoua karibu kila anayeonyesha dalili zake, huambukizwa na mbwa zaidi lakini na paka vilevile, na mpango wa kitaifa wa Kenya wa kuutokomeza, uliowekewa muda wa 2014 hadi 2030, unategemea chanjo ya wanyama kwa wingi. Na mnyama asiyetambulika hawezi kuthibitishwa kuwa amechanjwa.

Chipu na kazi yake

Teknolojia ya chipu ilianza kwa ng'ombe kabla ya kumfikia paka. Katika miaka ya 1970 watafiti wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani, kwa ombi la wizara ya kilimo ya nchi hiyo, walitengeneza kifaa cha kumtambulisha ng'ombe kwa mawimbi ya redio, na katika mwongo uliofuata kifaa hicho kilipunguzwa hadi kufikia ukubwa wa punje ya mchele, kikatiwa ndani ya kioo na kuingizwa chini ya ngozi kwa sindano, kwa kawaida kati ya mabega. Chipu haina betri wala haionyeshi mnyama alipo. Hukaa kimya mpaka kisomaji, yaani kifaa cha mkononi kinachotoa mawimbi, kisogezwe karibu nayo kwa sentimita chache, ndipo hurudisha namba yake. Viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na ISO 11785, vilivyotolewa mwaka 1996, vilikubaliana juu ya namba yenye tarakimu 15, ambapo 3 za mwanzo huweza kuwa za nchi, na ile ya Kenya katika orodha hiyo ni 404, au huwa za kiwanda kilichoitengeneza chipu.

Manufaa yake yamepimwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, uliofuatilia wanyama 7,704 wenye chipu katika vituo 53 vya kuhifadhi wanyama, ulionyesha kwamba paka wenye chipu waliorudishwa kwa wenyewe walikuwa asilimia 38.5, ilhali kwa paka wote walioingia vituoni wakiwa wamepotea kiwango kilikuwa asilimia 1.8 tu. Utafiti huohuo ulieleza pia kwa nini wenyewe wengine hawakupatikana ingawa chipu ilisomwa, na sababu kubwa kuliko zote ilikuwa namba za simu zisizo sahihi au zilizokatwa, zikifuatwa na wenyewe kutojibu, na miongoni mwa sababu nyingine zilikuwamo chipu ambazo hazikuwa zimesajiliwa kabisa. Uingereza, ambako kila mbwa alilazimishwa kuwa na chipu kuanzia 2016, paka wakifuata huko England tarehe 10 Juni 2024, sheria yenyewe humtaka mwenye mnyama ahakikishe taarifa zake katika rejista ni sahihi wakati wote.

Afrika nayo imefika mahali hapo kwa njia yake. Botswana, kwa ajili ya kuuza nyama Ulaya, iliwapa ng'ombe wake, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vidonge vya kauri vyenye chipu ambavyo humezwa na kubaki tumboni. Tanzania ilitunga Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, Na. 12 ya 2010, ikaendesha kampeni ya chapa za moto na baadaye ya hereni za kielektroniki za masikioni, ambayo wafugaji wengi waliilalamikia kwa gharama. Nchini Kenya mwaka 2013 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipokea chipu 1,000 za kupandikizwa katika pembe za vifaru, wanyama ambao tangu awali walitambuliwa kwa kukatwa masikio kwa mpangilio wa namba, mbinu ambayo mfugaji yeyote wa Tana angeielewa bila kufundishwa. Paka na mbwa wenye chipu nchini humo kwa sehemu kubwa ni wale wa miji mikubwa na wale wanaosafirishwa nje, kwa kuwa Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2011, hauruhusu paka au mbwa aliyetiwa alama kuanzia wakati huo kuingia bila chipu.

Hukumu ya historia

Makosa ya chapa ya mkoloni yaweza kurudiwa kwa urahisi katika zama za chipu, iwapo namba zitapandikizwa Garsen huku rejista ikiwa mbali na kisomaji kikiwa hakipo. Katiba ya Kenya ya 2010 imeziondolea serikali za kaunti kisingizio, kwa kuwa Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, limezikabidhi udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi na kuwatunza wanyama. Kaunti ya Tana River haihitaji kuanza kwa chipu ya kila mnyama. Yafaa ianze kwa rejista itakayojazwa wakati wa kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa, ikiwa na jina la mwenye mnyama, namba yake ya simu, kijiji chake na alama za mnyama. Kisha iweke visomaji katika miji ya Hola na Garsen, mahali ambapo wananchi hupeleka mifugo kutibiwa. Na mwishowe iwaalike wenye uwezo kuwatia paka na mbwa wao chipu zitakazoandikwa katika rejista hiyohiyo. Wazee wa Gasa na Matadeda, ambao kwa miaka mingi wamekuwa ndio wasomaji wa alama, wanastahili kushirikishwa tangu mwanzo, na mwenye paka anayebadilisha namba ya simu anapaswa kwenda kuibadilisha katika rejista kabla mnyama wake hajapotea.